Swali la Pili: Kumhoji Mgonjwa Anayeshukiwa Kuwa na Sonona

Mheshimiwa Mwenyekiti, maofisa tabibu wenzangu, wauguzi, nanyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho mlioko viti vya nyuma,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumhoji mgonjwa ili kutathmini sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na ninajua kwamba baadhi yenu mmekuja mkitarajia nigawe dodoso. Dodoso mnalo tayari. Lile la maswali tisa liitwalo PHQ-9 limetafsiriwa kwa Kiswahili na kufanyiwa utafiti hapa Tanzania na kwa jirani zetu wa Kenya. Kila swali hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla ni 27, na kwa kawaida anayefikisha 10 huangaliwa kwa makini zaidi. Muuguzi aliyelizoea hulimaliza kwa dakika chache. Ninalotaka kulieleza asubuhi hii linaanzia pale mgonjwa anapokuwa amejibu «ndiyo» nawe umeshika kalamu: je, unaandika alama na kuhamia swali linalofuata, au unauliza swali la pili? Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya tathmini ya sonona imo katika hilo swali la pili, na kwamba mtu asiyejua kuliuliza hatasaidiwa na dodoso lolote, hata liwe zuri namna gani.

Mgonjwa wa sonona ni nadra kufika kituoni akisema ana sonona. Anakuja na kichwa kinachouma utosini, vichomi vya mgongoni, moyo unaodunda, mwili uliokosa nguvu. Mara nyingi ameshapimwa malaria na taifodi zaidi ya mara moja, ameshapewa diklofenaki na vitamini, na faili lake limenenepa. Hadanganyi, maumivu anayoyasikia ni ya kweli, na hakuna kauli inayofunga mlango haraka kama kumwambia «huna kitu» majibu ya maabara yanaporudi safi. Kwa hiyo anzeni na maumivu hayo hayo, na mwacheni ayasimulie. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha uchunguzi wa mazungumzo yaliyorekodiwa baina ya madaktari na wagonjwa wao, wakaonyesha kwamba kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa sekunde 18 baada ya kuanza kueleza shida yake. Katika foleni zetu za Jumatatu asubuhi, nadhani sekunde 18 zingehesabiwa kuwa anasa.

Maumivu yakishasimuliwa, kuna mahali pa kupenyeza swali la kwanza la hisia bila kumshtua mtu: «Na tangu mwili ulipoanza kukusumbua hivi, moyoni ukoje?» Wengi watajibu, «Nina mawazo sana.» Hapo ndipo wengi wetu huandika «msongo wa mawazo» kwenye faili, tukaagiza vidonge vya usingizi, na mgonjwa akaondoka. Jibu hilo bado halijatuambia lolote kuhusu ugonjwa. Mwenye deni la VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ana mawazo, mama ambaye mwanawe hajarudi kutoka machimboni ana mawazo, na mgonjwa wa sonona naye ana mawazo. Tuulize ni mawazo ya nini, yanamjia saa ngapi, na kama yanampa nafasi pale mgeni anapofika au mtoto anapochekesha. Mwenye deni husahau deni kwa muda harusi inapopita barabarani. Mwenye sonona nzito hutazama harusi hiyo hiyo na kushangaa kwamba zamani ilimfurahisha.

Niruhusuni sasa nitoe mfano, nao nimeutunga kutokana na mazungumzo ya aina moja tunayokutana nayo kila siku, ili usimhusu mtu yeyote. Ofisa tabibu kijana ameketi na mama wa makamo. Wameshaamkiana, shikamoo imetolewa na marahaba imepokelewa, na swali la usingizi limeshajibiwa kwa neno moja: «Silali.»

«Pole sana, mama. Ukipanda kitandani, usingizi unachelewa kuja, au unakuja halafu unakatika?»

«Unakuja tu vizuri. Ikifika saa tisa usiku macho yanafunguka, basi, ndiyo imetoka hiyo.»

«Hapo unaamka ufanye shughuli, au kuna kinachokuamsha?»

«Hakuna. Nalala naangalia dari. Naogopa kukicha.»

«Kukicha kuna nini, mama?»

«Nitatakiwa niamke, nipike, niongee na watu. Jua likishapanda, kama saa nane mchana hivi, kidogo nakuwa mtu.»

Angalieni yaliyopatikana kwa maswali matatu mafupi. Neno «silali» lingepata alama kwenye dodoso na kuishia hapo. Sasa tunajua kwamba usingizi unakuja vizuri lakini unakatika alfajiri na haurudi; tunajua kwamba hali ni mbaya zaidi asubuhi na hupungua mchana; na tunajua kwamba jambo linalomwelemea ni kule kuikabili siku yenyewe. Dalili hizo mbili za kwanza zimejulikana kwa muda mrefu kuwa alama za sonona iliyokomaa, na mama huyu hangezitaja kamwe bila kuulizwa, kwa sababu kwake yeye huko ni kutolala tu.

Angejibu vingine, alama ingebadilika. Huenda anaamka saa kumi na nusu kwa ajili ya swala ya alfajiri, kama alivyofanya maisha yake yote. Huenda ananyonyesha. Huenda chandarua kimechanika, au baa ya jirani hufunga saa nane usiku. Hakuna hata moja kati ya hayo lililo dalili ya ugonjwa, na yote hutoa jibu lile lile la «silali».

Aliyetufundisha zaidi kutenganisha mambo haya alikuwa Max Hamilton, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Leeds. Mwaka 1960 alichapisha kipimo cha sonona chenye vipengele 17 vinavyohesabiwa, vingine vikipewa alama 0 hadi 4 na vingine 0 hadi 2, jumla 52. Usingizi peke yake aliupa vipengele vitatu: kuchelewa kulala, kuamka katikati ya usiku, na kuamka mapema mno. Mabadiliko ya hali kati ya asubuhi na jioni aliyaorodhesha pia, ila hakuyaingiza katika jumla, kwa kuwa yanaeleza aina ya sonona kuliko uzito wake. Jambo ambalo wengi hawalitambui ni kwamba Hamilton hakuandika maswali ya kumuuliza mgonjwa. Aliandika vipengele na maelezo ya alama, kisha akaonya wazi kwamba thamani ya kipimo chake inategemea kabisa ustadi wa anayehoji. Ilichukua hadi mwaka 1988 ndipo Janet Williams alipochapisha mwongozo wenye maswali yaliyoandikwa, kwa sababu watafiti walikuwa wakitumia kipimo kimoja kwa mahojiano yasiyofanana hata kidogo. Zaidi ya hayo, Hamilton alikikusudia kipimo chake kwa mgonjwa ambaye tayari imethibitika kwamba ana sonona, ili kujua ni nzito kiasi gani. Kukitumia kumtafutia mtu utambuzi ni kukitwisha mzigo ambao mwenyewe hakukipa.

Utambuzi una masharti yake. Mwongozo wa Marekani uitwao DSM-5, uliotolewa mwaka 2013, unataka dalili tano kati ya tisa ziwepo karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, na mojawapo iwe ama moyo mzito au kupotewa na hamu ya mambo, nazo ziwe zimeharibu maisha ya mtu. Masharti haya ni mepesi kukariri, na ugumu wake hujitokeza mbele ya mtu halisi. Chukueni hilo la kupotewa na hamu. Mzee mmoja haendi tena kijiweni kunywa kahawa na kucheza bao. Je, hana hamu, au hana shilingi za kahawa na anaona aibu kunyweshwa na wenzake kila siku? Muulizeni: «Wakija wenzako na bao hapa nyumbani, utacheza?» Akisema atacheza, mmeuona umaskini wake. Akisema wakija atajifanya amelala, hilo liandikeni.

Vivyo hivyo kwa kukonda: kabla ya kuhesabu, ulizeni kama chakula kipo, na kama mwezi wa Ramadhani ndio umekwisha juzi. Kwa umakini wa akili, PHQ-9 hutoa mfano wa kusoma gazeti na kutazama televisheni, na kuna bibi zetu ambao hawajawahi kufanya hata kimoja. Bibi huyo muulizeni kama siku hizi anaunguza mboga jikoni, kama anakosea chenji sokoni, kama anaanza tasbihi au sala ya rozari na kujikuta amepotea katikati. Katika hatia, jihadharini zaidi. Mtu akisema «Mungu ananiadhibu», anaweza kuwa anasema tu kama wanavyosema waumini wote wanapopata shida, na anaweza kuwa anaamini kwamba mvua imekosekana kijijini kwa ajili ya dhambi yake. Kauli ya kwanza ni ya kawaida msikitini na kanisani, ya pili ni sonona iliyofika pabaya. Maneno ya kinywani ni yale yale, na kitakachoyatofautisha ni swali: «Anakuadhibu kwa lipi, baba?»

Mambo mengine hayaulizwi, yanaonwa. Kuna mgonjwa ambaye unamuuliza umri wake na jibu linachukua muda mrefu kufika, sauti imezama, mikono haijasogea tangu aketi; na kuna mwingine anayefikicha kanga bila kupumzika. Vyote viwili vina nafasi katika kipimo cha Hamilton. Ila msimhesabie kijana kosa la kutokukutazama usoni. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu aliyolelewa nayo.

Huenda mtu akauliza kama naikuza thamani ya maswali haya madogo. Historia ya eneo letu inajibu. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya Mathari jijini Nairobi tangu mwaka 1938, aliandika katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na akaeleza unadra huo kwa nadharia za akili ya Mwafrika ambazo leo zinatia aibu kuzisoma. Aliwaona waliofikishwa hospitali, na waliofikishwa hospitali walikuwa hasa wale waliosumbua watu. Mwenye sonona hasumbui mtu. Hukaa ndani kimya na kulima kidogo kidogo. Baadaye John Orley, aliyekuwa daktari wa akili na mtafiti wa utamaduni nchini Uganda, akishirikiana na John Wing wa London, aliingia katika vijiji viwili vya Uganda na mahojiano yenye mpangilio maalumu. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalionyesha sonona zaidi vijijini humo kuliko kwa wanawake wa Camberwell, kitongoji cha London, waliochunguzwa kwa mahojiano ya aina hiyo hiyo. Sidhani kwamba sonona ilizaliwa Uganda kati ya 1953 na 1979. Kilichobadilika ni kwamba watu walifuatwa walipo na kuulizwa.

Wala upotofu huu si wa Afrika peke yake. Miaka ya 1960 takwimu zilionyesha kwamba hospitali za New York zina wagonjwa wengi mno wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, huku zile za London zikiwa na wengi zaidi wa maradhi ya hisia. Kundi la watafiti lilipowahoji wagonjwa wa pande zote kwa mahojiano ya aina moja, sehemu kubwa ya tofauti hiyo iliyeyuka. Tofauti ilikuwa kwa madaktari.

Sasa nifike kwenye swali ambalo wengi wenu hulikwepa, na ninajua kwamba hulikwepa kwa kuwa nimesoma mafaili yenye maswali manane yaliyojazwa na la tisa limeachwa wazi. Ni swali la kujiua. Hofu inayotajwa daima ni kwamba ukimuuliza mtu utakuwa umempa wazo. Utafiti ulioongozwa na Madelyn Gould katika shule za sekondari za jimbo la New York, ukachapishwa mwaka 2005, uliwagawa wanafunzi zaidi ya 2,000 kwa bahati nasibu, baadhi wakaulizwa kuhusu kujiua na wengine wasiulizwe, kisha wote wakapimwa tena. Walioulizwa hawakuwa na mawazo ya kujiua zaidi ya wenzao, na wale waliokuwa tayari na sonona hawakuzidiwa kwa kuulizwa. Hofu hiyo basi tuiache.

Iliyobaki ni hofu ya mgonjwa, nayo ina msingi. Kwa sheria ya kanuni za adhabu ya Tanzania, kujaribu kujiua ni kosa. Nchini Kenya lilikuwa kosa pia hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu za huko kinakwenda kinyume cha katiba. Kwa hiyo usishangae mama anapoitazama kalamu yako kabla ya kujibu. Iwekeni kalamu chini. Mwelezeni kwamba mnauliza ili mjue namna ya kumlinda, kwamba maneno yake hayatatoka nje, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini, na kwamba hapo mtamshirikisha ndugu ambaye yeye mwenyewe anamwamini. Msiahidi siri isiyo na mpaka. Ahadi hiyo hamtaweza kuitimiza, na yeye atajua.

Swali la tisa la PHQ-9 lina maswali mawili ndani yake: kuona kwamba ni afadhali ufe, na kufikiria kujidhuru. Bibi wa miaka themanini anayesema anamwomba Mungu amchukue kwa kuwa wa rika lake wote wamekwisha atajibu «ndiyo», na kijana aliyeficha dawa ya kuulia wadudu wa pamba chini ya kitanda atajibu «ndiyo» hiyo hiyo. Ndiyo maana tunashuka ngazi kwa ngazi. Tunaanza na uchovu wa maisha: kuna siku unatamani kusikuche? Tunakwenda kwenye kifo: umewahi kuona ni heri ungekufa? Kisha bila kuzungukazunguka: umewahi kufikiria kujiua? Akikubali, tunauliza ni kwa njia gani, kama kitu hicho kipo nyumbani, kama ameshajaribu huko nyuma, na nini kimemzuia mpaka leo. Hili la mwisho msilisahau. Mtu hulijibu kwa majina ya watoto wake, na majina hayo mtayahitaji katika mpango wa kumlinda. Kama dawa ya wadudu ipo nyumbani, hatamaliza ziara hiyo kabla hamjakubaliana ni nani ataiondoa, na ataiondoa leo.

Jibu linalowashinda wengi ni hili: «Mungu apishe mbali, ni dhambi.» Anayehoji hupumua, huandika 0 na kufunga ukurasa. Lakini mgonjwa ametueleza msimamo wa dini yake kuhusu kujiua, na sisi tuliuliza kama wazo limemjia. Mjibuni kwa upole: «Ni dhambi kweli, mama, na wapo wacha Mungu wengi ambao wazo hilo limewapitia bila wao kulitaka. Wewe je, limewahi kukupitia?» Wengine watasema tena hapana, na safari hii hapana hiyo inaaminika zaidi. Wengine watalia.

Kuhusu ndugu waliomsindikiza nitasema machache. Wana haki ya heshima, na wana habari ambazo mgonjwa hana, lakini mume anayejibu kila swali badala ya mkewe anaweza kuwa ndiye sababu ya machozi yake. Semeni kwamba utaratibu wa kituo ni kila mgonjwa kuonana na mtaalamu peke yake kwanza, kisha wote pamoja. Utaratibu haumkasirishi mtu kama anavyokasirishwa na kutiliwa shaka.

Kabla ya kalamu kuandika neno sonona, kuna maswali ambayo hayamo katika dodoso. Pombe, na kiasi gani, ikiwemo gongo. Dawa anazotumia. Upungufu wa damu na tezi ya thairoidi, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu. Mimba au uzazi wa karibuni, na hapo kuna kipimo cha Edinburgh cha sonona ya baada ya kujifungua, cha mwaka 1987, ambacho mmoja wa waliokitunga, John Cox, alikuwa ameshafanya utafiti kwa wajawazito wa Uganda. Msiba pia: DSM-5 iliondoa kinga iliyokuwepo kwa mfiwa, yaani sharti la kutomhesabu kuwa na sonona mtu aliyefiwa karibuni, na binafsi naona ilikuwa sawa, mradi tusimpe vidonge mtu ambaye arobaini haijafika na ambaye bado hucheka kidogo anapokumbushwa vituko vya marehemu. Na msiache kamwe kuuliza: «Imewahi kutokea siku kadhaa mfululizo ukawa kinyume cha hivi, unalala kwa muda wa saa mbili au tatu tu na huchoki, unaongea bila kukoma, unatapanya fedha, mpaka watu wakashangaa?» Mgonjwa wa baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, huja kwetu akiwa chini, kwa kuwa akiwa juu haoni sababu ya kuja. Amitriptilini, dawa ya sonona, ikitumika peke yake inaweza kumrusha huko juu, na familia itamrudisha kwenu amefungwa kamba.

Katika faili andikeni maneno ya mgonjwa mwenyewe pembeni ya alama. «Kidogo nakuwa mtu saa nane mchana» itamsaidia mwenzako atakayemwona baada ya wiki nne kuliko alama 2 peke yake, maana ataweza kumuuliza siku hizi anakuwa mtu saa ngapi.

Baada ya chai tutagawanyika watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja anayehoji, mmoja mtazamaji. Hamilton alipendekeza wapimaji wawili, mmoja ahoji na mwingine asikilize, kila mmoja aandike alama zake bila kuchungulia za mwenzake, nasi tutafuata hivyo. Tutaanza na vipengele vitatu vya usingizi, kisha hatia, kisha kujiua. Alama zikitofautiana, msikubaliane kwa kuzigawa katikati. Rudini kwa «mgonjwa» mkamuulize swali ambalo halikuulizwa. Karatasi za vipengele ziko kwenye meza ya karibu na mlango, na tunarudi hapa saa nne na nusu.